Saa ya Mwanza iko mbele sekunde 41: nani aliandika mwisho?

Msomaji mmoja ameniandikia hivi:

"Shikamoo mwalimu. Ninasimamia mfumo wa kampuni inayouza dawa za binadamu kwa jumla. Tuna matawi matatu: Dar es Salaam, Mwanza na Kigoma. Kila tawi lina seva yake ya hifadhidata ya MySQL ili kazi iendelee hata intaneti ikikatika. Kila baada ya dakika tano, programu niliyoandika huchukua rekodi zote ambazo updated_at yake, yaani saa ilipobadilishwa mwisho, ni kubwa kuliko saa ya mzunguko uliopita, huzipeleka matawi mengine, na rekodi moja ikiwa imebadilishwa pande mbili, yenye updated_at kubwa ndiyo inayobaki. Wiki iliyopita Mwanza waliingiza bei kimakosa, wakapiga simu Dar, na Dar wakairekebisha papo hapo kwenye seva yao. Baada ya dakika chache bei ya makosa ikarudi. Logi haina kosa lolote. Nilipokagua nikakuta saa ya seva ya Mwanza iko mbele kwa sekunde 41. Je, nikisanidi vizuri NTP, huduma ya kusawazisha saa za kompyuta kupitia mtandao, tatizo litakwisha?"

Marahaba, ndugu yangu. Umefanya vizuri kukagua saa kabla ya kumlaumu mtu wa Mwanza. Jibu langu ni hapana, tatizo halitakwisha. Litapungua sana, mpaka utadhani limekwisha, na hapo ndipo ninapopata wasiwasi. Leo tofauti ni sekunde 41, mtu analiona kwa macho na kulalamika. Ukiishusha hadi milisekunde 10, litatokea mara chache mno, na likitokea hakuna atakayejua bei imepotelea wapi. Kwa hiyo sanidi NTP leo hii, lakini baada ya hapo iondolee saa kazi ya kuamua nani aliandika mwisho. Hilo la pili ndilo litakalokuponya.

Tuangalie kwanza kilichotokea. Nitaandika kwa saa ya kompyuta yenye masaa 24. Tuseme Mwanza waliingiza ile bei saa 10:15:05 ya kweli. Seva yao ikagonga muhuri wa 10:15:46. Wakiwa bado kwenye simu, sekunde 25 baadaye, Dar wakaandika bei sahihi, na seva yao, ambayo saa yake iko sawa, ikagonga 10:15:30. Programu yako ilipokutana na rekodi mbili, ikaona 46 ni kubwa kuliko 30, ikatii kanuni uliyoipa. Ndiyo maana logi haina kosa: kila mashine ilifanya kazi yake sawasawa. Rekodi yoyote iliyoguswa Mwanza ilikuwa na kinga ya sekunde 41 dhidi ya Dar, na chochote Dar walichoandika ndani ya muda huo kilikuwa kimeshashindwa kabla hakijaandikwa.

Kanuni hii ya "wa mwisho ashinde" hukuibuni wewe. Cassandra, hifadhidata inayotumiwa na makampuni makubwa duniani, inaitumia hadi leo: kila thamani hugongwa muhuri wa mikrosekunde, na muhuri mkubwa hushinda. Hata kufuta ni kuandika alama ya ufutaji yenye muhuri wake. Seva iliyobaki nyuma ikifuta kitu kilichoandikwa na seva iliyo mbele, kitu hicho hakifutiki, na aliyebonyeza kitufe anaambiwa kimefutika. Kibaya kuliko vyote ni muhuri wa mwaka ujao. Rekodi iliyogongwa hivyo haishindiki wala haifutiki mpaka mwaka huo ufike, au mpaka mtu aingie kwa mkono na muhuri mkubwa zaidi.

Kwetu kuna njia moja ya kuharibu saa ambayo hutaikuta kwenye vitabu vya Wazungu. Kituo kimoja nilichowahi kukisaidia kilikatikiwa umeme, betri ndogo ya kwenye ubao mama wa seva ilikuwa imekufa, na seva ilipowaka ikawa imesahau tarehe. Fundi akairekebisha kwa mkono. Ilikuwa saa nne asubuhi, naye akaandika 04:00. Masaa sita nyuma. Tarehe ilikuwa sahihi, mwaka sahihi, dakika sahihi, hivyo kila aliyetupia jicho aliona kila kitu kiko sawa. Marekebisho ya kituo hicho kwenye rekodi zilizoguswa kwingine siku ileile yakawa yanamezwa kimyakimya. Tangu siku hiyo, kitu cha kwanza ninachouliza nikifika mahali ni nani ana ruhusa ya kugusa saa ya seva kwa mkono, na ninataka jibu liwe "hakuna".

Sekunde 41 zako zina maelezo mepesi zaidi. Saa ya kompyuta hutegemea kipande cha fuwele ya kwatsi kinachotetema, na kiwango cha kutetema hakifanani kati ya kipande kimoja na kingine. Hubadilika kwa joto pia, na seva nyingi za matawini hukaa stoo zisizo na kiyoyozi. Fuwele ya kawaida ikipotoka sehemu 20 kwa milioni, saa inapotoka sekunde 1.7 kwa siku. Sekunde 41 ni siku 24 hivi za kuachwa bila kusahihishwa. Nadhani hicho ndicho kilichotokea Mwanza: huduma ya NTP imewashwa, inaonekana inafanya kazi, lakini haipati majibu. NTP hupita kwa UDP, njia mojawapo ya kutuma ujumbe mtandaoni, kwenye mlango namba 123, na faiawoli au rauta za ofisi huuziba mara nyingi. Andika timedatectl uone kama saa imesawazishwa kweli, kisha chronyc sources, amri ya chrony, programu inayoendesha NTP, uone kama seva za saa zinajibu. Safu ya Reach ikiwa ni 0, wewe unaita na hakuna anayeitika.

Sasa tufike kwenye ukomo wa NTP yenyewe, kwa sababu watu wengi huichukulia kama amri ya kurekebisha saa ikaisha. NTP, ambayo David Mills wa Chuo Kikuu cha Delaware aliijenga tangu miaka ya 1980, inafanya kazi ngumu kwa akili kubwa, lakini ina jambo moja ambalo haiwezi kulijua. Fikiri Mwanza inauliza saa. Ujumbe unaondoka saa yake ikisoma milisekunde 100. Seva ya saa inaupokea, yake ikisoma 180, inajibu kwa 181, na jibu linafika Mwanza ikisoma 141. Safari nzima, kwenda na kurudi, imechukua milisekunde 40 ukiondoa ile moja ya kuandaa jibu. NTP inagawa safari hiyo katikati, 20 kwenda na 20 kurudi, na inakata shauri kwamba Mwanza iko nyuma kwa milisekunde 60.

Lakini nani kasema kwenda na kurudi ni sawa? Ikiwa muda huohuo mtu wa ofisini anapandisha mtandaoni picha za stakabadhi mia mbili, njia ya kutoka imesongamana na ya kuingia iko wazi. Labda kwenda kulichukua 35 na kurudi 5. Basi tofauti ya kweli ni 45, na NTP imekosea kwa 15 bila dalili yoyote. Kwa mashine mbili zinazobadilishana ujumbe hakuna hesabu ya kuligundua hili. Kosa linaweza kufika nusu ya muda wa safari nzima, hapa milisekunde 20. Kuuliza seva nyingi na kuchuja majibu kunasaidia sana, na chrony hufanya hivyo vizuri. Kosa hupungua, haliishi.

Kabla sijafika kwenye tiba, kuna ugonjwa wa pili katika maelezo yako ambao hukuuliza, na kwangu huu ni mbaya kuliko wa kwanza. Umesema programu yako huchukua rekodi zenye updated_at kubwa kuliko saa ya mzunguko uliopita. Tuseme Kigoma iko nyuma sekunde 20. Saa 10:20:00 Dar inachota kutoka Kigoma na kuandika pembeni: nimeshafika 10:20:00. Sekunde tano baadaye Kigoma wanauza katoni 12 za paracetamol, na seva yao inagonga 10:19:45. Mzunguko unaofuata unaomba kila kilicho juu ya 10:20:00. Yale mauzo hayamo. Hayatakuwamo mzunguko unaofuata wala ule wa baada yake, mpaka mtu aiguse tena rekodi ileile kwa sababu nyingine. Kwenye ugonjwa wa kwanza data mbili zilipigana na moja ikapoteza. Hapa data haikufika uwanjani kabisa.

Na hili hutokea hata saa zote zikiwa sawa kabisa, sawa hadi mikrosekunde. Kwenye MySQL, NOW() hutoa saa ambayo amri ilianza. Muamala, yaani kundi la maandishi ambalo wengine hawalioni mpaka lithibitishwe, ulioandika rekodi saa 10:19:58 na kuthibitishwa saa 10:20:03 haukuonekana Dar ilipochota saa 10:20:00, kwa kuwa ulikuwa haujathibitishwa. Ulipothibitishwa, ukaja na muhuri wa 10:19:58, ulio chini ya mstari. Umepita katikati ya vidole. Ongeza na hili: safuwima ya DATETIME isiyotajiwa idadi ya tarakimu za desimali huishia kwenye sekunde nzima, hivyo maandishi mawili ya ndani ya sekunde moja hupata muhuri mmoja, na kanuni yako haisemi nani ashinde. Unaweza kutumia DATETIME(6) upate mikrosekunde, lakini ningependa uache njia hii yote badala ya kuiwekea viraka.

Tiba. Nitaanza na stoo kwa kuwa ndiyo yenye pesa nyingi, na kwa kuwa jibu lake lilikuwapo kabla ya kompyuta. Nina hakika jedwali lako la stoo lina safuwima ya salio: paracetamol, Mwanza, katoni 340. Mtu akiuza 12, programu inaandika 328. Sasa muulize mtunza stoo mzee yeyote anavyoandika leja yake. Hafuti 340 akaandika 328. Anaandika mstari mpya: tarehe, namba ya hati, zilizotoka 12, salio 328. Aliyepokea mzigo naye anaongeza mstari wake. Mistari haigombani, kwa sababu hakuna mstari unaobadilisha mwenzake. Jenga hivyohivyo: jedwali la mienendo ambalo huongezwa tu, kila mstari na namba yake ya pekee na tawi lililouandika, na salio liwe jumla ya mistari. Kuongeza na kutoa hakujali mpangilio. Toa 12 kisha ongeza 50, au ongeza 50 kisha toa 12, unafika palepale. Mstari wa Kigoma ukichelewa siku mbili kwa sababu ya intaneti, ukifika unajumlishwa na salio linakuwa sahihi, hata kama saa ya Kigoma ilikuwa inasoma mwaka 1970. Mzigo ukihama kutoka Dar kwenda Mwanza, andika mistari miwili: wa kutoka unaandikwa Dar, wa kuingia unaandikwa Mwanza mzigo ukishahesabiwa mlangoni.

Kilichobaki kigawe kwa umiliki. Bei inaamuliwa na nani katika kampuni yenu? Kama ni ofisi ya Dar, basi bei iandikwe kwenye seva ya Dar peke yake, na matawi yapokee tu. Mwanza wakitaka kubadilisha, waandike ombi la bei, ambalo nalo ni mstari mpya, na Dar wakubali. Kisa chako cha wiki iliyopita kisingewezekana katika mpangilio huo. Najua mabosi wa matawi wakati mwingine hawapendi hili, lakini hebu uliza: je, utaratibu wa kampuni unawaruhusu kubadilisha bei, au ni programu tu ndiyo haijawazuia? Mara nyingi nikiuliza hivyo nusu ya migongano hufutika bila kuandika mstari hata mmoja wa programu.

Katika kusafirisha mabadiliko, achana na updated_at. MySQL tayari ina daftari la mabadiliko, binlog, ambamo miamala huandikwa kwa mpangilio wa kuthibitishwa kwake, na ukiwasha GTID kila muamala hupata kitambulisho cha seva yake pamoja na namba inayopanda: Kigoma 1, Kigoma 2, Kigoma 3. Dar haiulizi tena "nipe vya baada ya saa fulani". Inasema "nimeshapokea Kigoma hadi 8,412, nipe kuanzia 8,413". Yule muamala uliochelewa kuthibitishwa utapewa namba pale utakapothibitishwa, hivyo hauwezi kupita katikati ya vidole. Tangu toleo la 5.7 seva moja ya MySQL inaweza kupokea kutoka seva kadhaa kwa pamoja, kwa hiyo matawi matatu hayakusumbui. Kwa namba za vitambulisho ambazo MySQL huzitoa yenyewe, weka auto_increment_increment (hatua ya kuruka) iwe 10, na auto_increment_offset (namba ya kuanzia) iwe 1 kwa Dar, 2 kwa Mwanza, 3 kwa Kigoma. Vitambulisho havitagongana na umeacha nafasi za matawi mengine saba. Angalia pia muda wa kutunza binlog: MySQL 8.0 huitunza siku 30 usipobadilisha, na tawi likikosa mtandao zaidi ya hapo itabidi ulianzishe upya kwa nakala kamili. Lakini uelewe kwamba unakili huu hautatui migongano. Seva mbili zikibadilisha rekodi moja, ama unakili utasimama ama nakala zitatofautiana kimyakimya. Unakuwa salama kwa sababu umeshagawa umiliki, na ndiyo maana nimeanza na umiliki.

Zitabaki rekodi chache ambazo pande zote lazima ziziandike. Taarifa za wateja ni mfano: duka la Kasulu linaweza kununua Kigoma leo na Dar kesho, na popote lilipo likabadilisha namba ya simu. Hapa ndipo inapofaa kumfahamu mwanasayansi wa kompyuta Leslie Lamport. Mwaka 1978 alichapisha makala iliyobadilisha namna ya kufikiri juu ya jambo hili. Hoja yake kuu ni kwamba tunachohitaji kwa kawaida si kujua saa ngapi jambo lilitokea. Tunahitaji kujua kama jambo hili lingeweza kuathiri lile, yaani kama aliyeandika la pili alikuwa ameliona la kwanza. Kwa hilo kihesabio kinatosha: kila unapoandika unaongeza moja, na kila unapopokea ujumbe unachukua kilicho kikubwa kati ya chako na cha ujumbe, kisha unaongeza moja. Jibu haliwezi kupata namba ndogo kuliko swali lake, hata saa za ukutani zikisema nini.

Kihesabio kimoja kina upungufu, kwamba namba kubwa haithibitishi kuwa mwandishi aliiona ndogo. Miaka kumi baadaye watafiti Colin Fidge na Friedemann Mattern, kila mmoja kwa njia yake, walifikia saa vekta: kila rekodi ibebe kihesabio cha kila tawi. Chukua mteja mwenye Dar 4, Mwanza 2, Kigoma 0. Mwanza wakiibadilisha inakuwa Dar 4, Mwanza 3, Kigoma 0. Ikifika Dar nayo bado ina 4, 2, 0, hakuna namba iliyopungua, hivyo ni mpya na ipokelewe. Lakini kama Dar nao walishaibadilisha ikawa 5, 2, 0, basi Dar wanazidi kwa Dar na Mwanza wanazidi kwa Mwanza. Hakuna aliyemwona mwenzake. Huo ni mgongano wa kweli, na hapa hakuna saa duniani ya kukuambia nani yuko sahihi, kwa kuwa swali limeshakuwa la kibinadamu: ipi ndiyo namba ya simu ya mteja? Hifadhi zote mbili, weka alama, na mwenye dawati la wateja apige simu aulize. Amazon walieleza mfumo wao wa Dynamo mwaka 2007 wakitumia njia hii kwenye vikapu vya manunuzi: vikapu viwili vikigongana, huunganishwa, na gharama yake ni kwamba kitu alichokwisha kukitoa mteja huweza kurudi kikapuni. Kwa kikapu hilo linavumilika. Kwa orodha ya dawa zilizositishwa kuuzwa halivumiliki hata kidogo, kwa hiyo uamue jedwali kwa jedwali.

Utaniuliza, mbona Google wanatumia saa? Ni kweli, na namna wanavyoitumia inafundisha. Katika mfumo wao wa Spanner, uliotangazwa mwaka 2012, programu ikiuliza saa haipewi nukta moja. Inapewa kipindi: saa ya kweli haiko kabla ya hapa wala baada ya pale. Vituo vyao vina vipokezi vya GPS na saa za atomi, na upana wa mashaka ulikuwa kati ya milisekunde 1 na 7. Halafu muamala ukishapata muhuri, mfumo unasubiri mashaka hayo yapite ndipo unatoa matokeo, ili muamala unaofuata popote duniani uwe na muhuri mkubwa kwa uhakika. Wananunua mpangilio kwa kusubiri, na wametumia fedha nyingi ili kusubiri kuwe kufupi. CockroachDB, hifadhidata nyingine isiyo na saa za atomi, hutumia saa chotara inayochanganya saa ya ukutani na kihesabio cha Lamport. Kwa kawaida huchukulia kuwa tofauti haizidi milisekunde 500, na nodi, yaani seva mojawapo ya mfumo, ikijikuta imepotoka kupita asilimia 80 ya kiwango hicho ikilinganishwa na wenzake wengi, hujizima yenyewe. Napenda sana tabia hiyo. Seva yako ya Mwanza ilikuwa imepotoka mara 82 ya zile milisekunde 500 na ikaendelea kupokelewa kama shahidi mwaminifu. Hata kabla hujabadilisha kitu kingine, iambie programu yako ikatae rekodi yenye muhuri unaozidi saa ya mpokeaji kwa, tuseme, sekunde 2, na ikupigie kelele.

Mambo mawili mafupi ya saa. Ukipima muda uliopita, mfano dakika ngapi tangu Kigoma ijibu mara ya mwisho, usitoe saa ya ukutani kwa saa ya ukutani. Tumia saa isiyorudi nyuma, kwenye Python ni time.monotonic(). Cloudflare, kampuni ya huduma za mtandao, walijikuta kwenye shida hii tarehe 1 Januari 2017, saa tisa usiku kwa saa zetu, dunia ilipoongeza sekunde ya ziada: programu yao ya DNS, inayotafsiri majina ya tovuti kuwa anwani, ilitoa saa kwa saa, ikapata namba hasi, ikaanguka. La pili ni ukanda wa saa. Dar, Mwanza na Kigoma wote wako UTC+3, yaani masaa matatu mbele ya saa ya kimataifa (UTC), lakini mkifungua Bujumbura mtakutana na UTC+2, na DATETIME ya MySQL haihifadhi ukanda. Hifadhi UTC kila mahali, na ubadilishe kwenye skrini tu.

Sasa kazi ya wiki hii, na uifuate kwa mpangilio huu kwa sababu kurudisha saa nyuma kuna hatari yake. Ukiirudisha seva ya Mwanza sekunde 41 wakati watu wanaandika, mihuri mipya itakuwa midogo kuliko ile ya dakika iliyopita, na Mwanza itaanza kushindwa na maandishi yake yenyewe. Usiku, funga programu Mwanza. Acha mzunguko wa mwisho wa kusawazisha uishe. Fungua mlango wa UDP 123, washa chrony, rekebisha saa kwa mkupuo mmoja, kisha subiri dakika tano kamili kabla ya kufungua, ili saa ya kweli ipite mihuri yote iliyogongwa zamani. Fanya hivyohivyo Kigoma, ambako hukuniambia saa inasema nini. Badilisha betri za ubao mama kwa seva zote tatu, ni bei ya soda chache. Kompyuta za kaunta zichukue saa kutoka seva ya tawi lao, ili intaneti ikikatika zibaki zimekubaliana zenyewe kwa zenyewe.

Halafu tafuta yaliyokwisha kupotea. Chukua nakala kamili ya hifadhidata zote tatu kabla hujarekebisha rekodi yoyote, na uzilinganishe jedwali kwa jedwali. Rekodi zisizofanana kati ya tawi na tawi ni zile zilizopita katikati ya vidole, na kwa stoo zilinganishe na hati za karatasi za mauzo na mapokezi. Kwa bei usiiulize updated_at ipi ni sahihi, kwa kuwa ndiyo iliyokudanganya. Chapisha orodha ya kila bei iliyobadilishwa Mwanza katika mwezi huu mmoja, na uipeleke kwa mtu wa bei wa Dar aipitie dawa moja baada ya nyingine, akianza na zile zinazotoka kila siku.